Aliyerusha taulo ni nani yake?

Ni usiku wa ngumi na sebule imejaa. Baba yuko kwenye kochi, vijana sakafuni, bibi kwenye kiti chake karibu na mlango. Kwenye runinga bondia mmoja ameegemea kamba, mikono imeshuka, anapokea tu. Mara kitu cheupe kinaruka kutoka kona yake na kuangukia katikati ya ulingo. Refa anaingia kati, anawatenganisha, pambano limekwisha.

“Hiyo nguo imerushwa ya nini?” bibi anauliza.

“Ni taulo, bibi. Amekubali kushindwa.”

“Nani amekubali? Mbona yeye bado amekunja ngumi?”

Vijana wanacheka. Lakini swali la bibi ni zuri kuliko jibu alilopewa.

Siku hizi msemo wa kurusha taulo umetoka ulingoni na kuingia kila mahali. Mgombea akijitoa kwenye kinyang’anyiro, inaandikwa amerusha taulo. Kocha akiiacha timu katikati ya msimu, amerusha taulo. Mwanafunzi aliyeacha chuo, mfanyabiashara aliyefunga duka, mke aliyerudi kwao na mabegi yake, wote huambiwa hivyo hivyo. Waingereza husema “throw in the towel”, na Kiswahili kimeuchukua msemo huo mzimamzima.

Maana inayoeleweka na wengi ni moja: kukata tamaa. Na mara nyingi husemwa kwa lawama, kana kwamba mhusika alikuwa na nguvu bado ila moyo ndio ulikuwa mdogo.

Lakini kwenye ngumi zenyewe, anayerusha taulo si yule anayepigwa. Bondia hana taulo. Mikono yake imefungwa ndani ya glavu, hata akilitaka hawezi kulishika sawasawa. Taulo liko begani kwa mtu mwingine, aliyesimama nje ya kamba, ambaye kazi yake usiku huo ni kumtazama mtu mmoja tu.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Ndani yake, hata hivyo, kuna jambo ambalo kila familia inalihitaji, hata ile isiyopenda ngumi.

Manyanga hubwagwa na mwenyewe

Kabla taulo halijafika, Kiswahili kilikuwa na msemo wake: kubwaga manyanga. Manyanga ni vibuyu vidogo vyenye punje ndani, vinavyotikiswa kwenye ngoma na uganga. Anayeyatikisa akichoka, au akiona mambo yamemshinda, huyabwaga chini. Ameyashika mwenyewe, ameamua mwenyewe, ameyabwaga mwenyewe.

Kuinua mikono juu ni hivyo hivyo, mikono ni ya mhusika. Kusalimu amri pia, anayesalimu ni yule aliyezidiwa.

Taulo haliko hivyo. Hapo kuna watu wawili: mmoja anapigana, mwingine anaamua kwamba inatosha. Msemo ulipotoka ulingoni, yule wa pili alisahauliwa njiani. Akabaki mpiganaji peke yake, na aibu yote akabebeshwa yeye.

Kwa hiyo mtu anaposema “sitarushi taulo”, kwa kweli anazungumzia manyanga. Taulo si lake la kurusha.

Sheria ya mwaka 1743

Historia ya jambo hili inaanzia London. Karne ya 18 ngumi zilipiganwa bila glavu, mbele ya watu walioweka fedha zao, na hapakuwa na raundi za kuhesabu dakika. Mwaka 1743 bingwa wa wakati huo, Jack Broughton, alitoa sheria za kwanza zilizoandikwa za mchezo huo.

Sheria hizo zilikuwa fupi. Mtu akianguka asipigwe, wala asishikwe chini ya kiuno. Akiangushwa apewe nusu dakika, ndani ya muda huo msaidizi wake amrudishe kwenye alama iliyochorwa katikati ya jukwaa. Akishindwa kufika, amepigwa.

Lakini Broughton aliongeza njia ya pili ya kumaliza pambano. Bondia angehesabiwa ameshindwa pia ikiwa msaidizi wake mwenyewe atatamka hivyo. Si msaidizi wa mpinzani, huyo alikatazwa hata kumshauri bondia wa upande wa pili aache. Ruhusa alipewa mtu wa upande wake tu.

Inafaa kulitazama jambo hilo vizuri. Katika mchezo uliokuwa mkali kuliko ngumi za leo, watu waliotunga sheria walielewa mapema kwamba anayepigana hawezi kuachiwa peke yake uamuzi wa kuacha.

Hata hivyo sheria nzuri haikumaliza hatari. Mapambano yaliendelea kuwa marefu, na mara nyingine bondia aliyezimia alibebwa na wasaidizi wake hadi kwenye alama ili fedha za watu zisipotee. Mwezi Machi 1838 bondia William Phelps alikufa nchini Uingereza baada ya pambano lake na Owen Swift. Mwaka huo huo zikatoka sheria mpya za ulingo wa London, zilizotaka mtu aliyeangushwa afike kwenye alama kwa miguu yake, bila kushikwa, ndani ya sekunde 8 baada ya zile 30 za kupumzika.

Kwa maneno mengine, sheria mpya iliwazuia watu wa kona kumrudisha vitani mtu asiyejiweza. Kona inaweza kuokoa, na inaweza kuua pia.

Sifongo kabla ya taulo

Katika siku hizo wasaidizi walikuwa ndani ya ulingo na bondia wao. Walikuwa na chupa ya maji na sifongo, ambayo leo wengi huiita sponji, ya kumfutia damu na jasho usoni. Msaidizi alipoona mtu wake hawezi tena, aliirusha sifongo juu hewani. Watu wote wakaona, wakajua limekwisha.

Ndiyo maana msemo wa kwanza haukuwa wa taulo. Ulikuwa wa kurusha sifongo juu. Kamusi ya maneno ya mitaani iliyochapishwa London na John Camden Hotten mwaka 1860 ilikuwa tayari inao, na ilieleza kwamba umetokana na desturi hiyo ya kwenye ngumi. Maana yake ilikuwa imeshatanuka: kuacha kushindana, kwa jambo lolote.

Mwaka 1867 zikatoka sheria zilizojenga ngumi za leo. Aliyeziandika ni John Graham Chambers, lakini zilipewa jina la mtu mkubwa aliyeziunga mkono, Marquess wa Queensberry. Zilileta glavu, raundi za dakika 3, mapumziko ya dakika 1, na hesabu ya sekunde 10 kwa aliyeanguka.

Zilileta pia jambo ambalo halitajwi sana: wakati wa raundi, msaidizi haruhusiwi kuwemo ulingoni. Anakaa nje ya kamba.

Mabadiliko hayo yanalingana na yale ya msemo. Aliyekuwa ndani alirusha sifongo juu. Aliyewekwa nje ilimbidi arushe kitu kiingie ndani, tena kikubwa, cheupe, kinachoonekana na refa. Mwanzoni mwa karne ya 20 taulo lilikuwa limechukua nafasi, kwanza kwenye ngumi za Marekani, kisha kwenye maneno ya watu wa kawaida.

Lakini iwe sifongo au taulo, kifaa kilikuwa ni kile kile cha kumfutia mtu uso. Kitu cha huduma ndicho kilichogeuzwa kuwa ishara ya kusimamisha.

Taulo lililorudishwa

Juni 22, 1938, katika uwanja wa Yankee jijini New York, Joe Louis wa Marekani alipigana na Max Schmeling wa Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa inanukia na pambano lilibebeshwa heshima ya mataifa mawili.

Halikufika mbali. Ndani ya raundi ya kwanza Schmeling alikuwa ameanguka mara kadhaa. Kocha wake, Max Machon, akarusha taulo ulingoni. Refa Arthur Donovan akaliokota na kulitupa nje, likabaki limening’inia kwenye kamba, kwa sababu sheria za New York hazikulitambua taulo. Sekunde chache baadaye Donovan mwenyewe alisimamisha pambano, dakika 2 na sekunde 4 tangu kengele ilipolia. Schmeling alilazwa hospitali akiwa ameumia mfupa wa mgongo.

Kisa hicho kinaonyesha jambo lingine. Taulo peke yake halina amri. Ni ombi la mtu wa kona kwa mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka ni refa. Hata leo, katika maeneo mengi, taulo likirushwa ni refa ndiye anayeamua pambano liishe.

Lakini bila ombi hilo, refa hubaki na macho yake tu. Yeye hamjui bondia jinsi kocha anavyomjua. Hajui kama mtu huyu huinamisha kichwa hivyo siku zote au ni leo tu.

Asubuhi ya Manila

Taulo maarufu kuliko yote katika historia ya ngumi huenda ni lile ambalo halikuhitaji kurushwa.

Oktoba 1, 1975, nchini Ufilipino, Muhammad Ali na Joe Frazier walikutana kwa mara ya tatu. Pambano lilianza asubuhi ili liendane na saa za runinga za Marekani, na joto lilikuwa kali. Kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja. Hili lilikuwa la kumaliza ubishi.

Kufikia raundi ya 14 jicho la kulia la Frazier lilikuwa limevimba hadi kukaribia kufunga, na la kushoto lilikuwa na uoni hafifu tangu zamani. Ngumi za Ali alikuwa hazioni zikija. Ilikuwa imebaki raundi moja tu, dakika 3.

Kocha wake, Eddie Futch, akasema basi. Frazier alikataa, alitaka kusimama. Futch alimwambia akae, yamekwisha, na kwamba hakuna mtu atakayesahau alichofanya siku hiyo. Kisha akamwashiria refa.

Futch hakuwa mgeni wa mchezo huo. Alikuwa amewahi kushuhudia mabondia wakifa kwa sababu ya vipigo vya ulingoni. Dakika 3 zilizobaki zingeweza kumpa mtu wake ushindi, kwa kuwa Ali naye alikuwa amechoka kupita kiasi, na baadaye alisema siku hiyo alikaribia kifo. Futch hakutaka kuujaribu ubishi huo kwa kichwa cha Frazier.

Frazier aliishi miaka 36 baada ya asubuhi hiyo.

Daktari aliyeondoka

Upande wa Ali nako kulikuwa na kona. Daktari wake wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, alianza kuingiwa na wasiwasi kadiri mapambano yalivyoongezeka. Baada ya pambano la Ali na Earnie Shavers mwezi Septemba 1977, alipata majibu ya vipimo yaliyoonyesha figo za bondia huyo zimeanza kuathirika. Aliyatuma kwa Ali na kwa watu wake wa karibu. Hakujibiwa. Pacheco akaondoka kwenye kona hiyo.

Ali aliendelea. Oktoba 2, 1980, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa akimsaidia mazoezi. Kwa raundi 10 alipigwa karibu bila kujibu. Baada ya raundi hiyo kocha wake, Angelo Dundee, alisimamisha pambano, ingawa mmoja wa watu wa kona ile ile alitaka liendelee. Ni mara pekee katika maisha yake Ali aliposhindwa kwa pambano kusimamishwa.

Miaka minne baadaye, 1984, Ali aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaoathiri ubongo na kuleta mitetemeko na ugumu wa mwili. Aliishi nao hadi alipofariki Juni 2016.

Hakuna anayeweza kupima ni ngumi ipi ilifanya nini. Lakini visa hivi vya Futch, Pacheco na Dundee vinaonyesha aina tatu za kona: iliyosimamisha kwa wakati, iliyoonya isisikilizwe, na iliyosimamisha usiku umeshakuwa mrefu.

Kwa nini anayepigwa hajui

Kuna sababu ya kitabibu inayofanya uamuzi huo usiachiwe bondia peke yake, nayo haihusiani na ujasiri.

Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na maji. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, fuvu husogea ghafla na ubongo hubaki nyuma kidogo, kisha huugonga ukuta wake. Seli zake hutikisika na kwa muda hazifanyi kazi vizuri. Mtu anaweza kubaki amesimama, akarusha ngumi, hata akajibu akiulizwa jina, lakini uwezo wake wa kupima hatari umepungua.

Mara nyingine mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na fuvu hukatika. Damu huvuja na kujikusanya taratibu, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo ndio unaobanwa. Hilo ndilo huua mabondia wengi, mara nyingi saa chache baada ya pambano, wakati mwingine mtu akiwa ametoka ulingoni kwa miguu yake.

Novemba 13, 1982, bondia wa Korea Kusini Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini Las Vegas kwa ubingwa wa dunia. Alivumilia hadi raundi ya 14, pambano liliposimamishwa. Alizimia muda mfupi baadaye, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, na siku chache baadaye akafariki. Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini. Baada ya kifo hicho mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12.

Kuna pia madhara yanayochelewa. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba, kuongea kwa kuburuza maneno na kuchanganyikiwa kama walevi, miaka mingi baada ya kupigwa. Leo inajulikana kwamba vipigo vya kichwa vinavyorudiwa vinaweza kuharibu ubongo polepole, hata kama hakuna hata kimoja kilichomwangusha mtu.

Kiini cha yote ni hiki: kiungo kinachotakiwa kuamua kuacha ndicho kiungo kinachopigwa. Kumuuliza bondia aliyetikisika kichwa kama anaweza kuendelea ni sawa na kumuuliza mlevi kama anaweza kuendesha gari. Atasema ndiyo, na atakuwa anaamini anachosema.

Kona ya nyumbani

Hapo ndipo jambo hili linapotoka ulingoni na kuingia ndani ya nyumba.

Baba mwenye kisukari ana kidonda mguuni, anakifunga mwenyewe kila asubuhi na kusema kinapona. Mama anamuuguza mkwe wake usiku na mchana, hajalala vizuri kwa miezi, akiulizwa anasema “nimezoea”. Kijana ana sonona, amejifungia chumbani, anasema hataki kusumbua watu. Mwingine pombe imemshinda lakini anaapa ataacha mwezi ujao.

Wote hao wana jambo moja linalofanana na bondia wa raundi ya 14. Kinachowapiga kinawaharibia pia uwezo wa kuona wanavyopigwa. Sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za mguu, kwa hiyo kidonda hakiumi kama inavyostahili. Kukosa usingizi hupunguza uamuzi mzuri. Sonona humwambia mgonjwa kwamba hakuna msaada utakaofaa. Pombe inajulikana.

Jamii nayo inawasifu. Kurasa za michezo zikitaka kuisifu timu iliyofungwa kwa taabu huandika kwamba imekufa kiume. Mwanamke anayebeba yote bila kulalamika huitwa jasiri. Mvumilivu hula mbivu, wanaambiwa, na ni kweli, ila methali hiyo inamzungumzia mtu atakayekuwa hai mbivu zitakapoiva.

Watu kama hao hawahitaji kuulizwa tu “uko sawa?” Wanahitaji mtu wa kona.

Mtu wa kona wa kweli ana sifa chache zinazojulikana. Ya kwanza, yupo tangu raundi ya kwanza. Futch aliweza kumwambia Frazier akae kwa sababu alikuwa naye muda wote. Ndugu anayefika mara moja kwa mwaka na kuanza kutoa amri si kona, ni mtazamaji wa viti vya mbele.

Ya pili, anatazama mtu, hatazami pointi. Watazamaji wanataka pambano liendelee kwa sababu wamelipa kiingilio, na walioweka fedha wana hesabu zao. Nyumbani pia wapo wanaotaka mtu aendelee kwa faida yao: wanaotegemea mshahara wake, wanaoogopa maneno ya majirani. Kabla ya kuamua inatosha au haitoshi, ni vizuri kujiuliza macho yako wapi.

Ya tatu, wamekubaliana mapema. Kati ya vipigo si wakati wa kujadiliana. Mume na mke wanaweza kuambiana wakiwa wazima: ukiniona nimekuwa hivi, nipeleke hospitali hata nikikataa. Mzee anaweza kumwambia mwanawe ni dalili gani ikitokea asimsikilize tena. Maneno hayo yakisemwa siku ya utulivu, siku ya shida hayawi dharau.

Ya nne, anajua kwamba refa ni mwingine. Kama Machon alivyoonyeshwa New York, taulo ni ombi. Mtu wa nyumbani hafanyi kazi ya daktari wala hamwamulii mtu mzima maisha yake yote. Kazi yake ni kusimama, kupaza sauti na kumfikisha mhusika mbele ya mwenye ujuzi.

Kichwa kikigongwa

Na kuna hali ambayo taulo hurushwa mara moja, bila mjadala: mtu akigongwa kichwani, iwe kwa kuanguka na bodaboda, kugongana uwanjani au kuteleza bafuni.

Apelekwe hospitali haraka akiwa na dalili yoyote kati ya hizi: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika zaidi ya mara moja, usingizi mzito au ugumu wa kumwamsha, kuchanganyikiwa au kushindwa kuongea vizuri, degedege, mkono au mguu kupoteza nguvu, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, au damu na majimaji kutoka puani au masikioni. Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi naye achunguzwe.

Mtoto aliyegongwa kichwa akicheza mpira asirudi uwanjani siku hiyo hiyo, hata akilia arudishwe. Akisema yuko sawa, neno lake peke yake halitoshi.

Kwa wazee, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kuanguka kidogo kuchukuliwe kwa uzito. Damu inaweza kujikusanya polepole na dalili zikaonekana baada ya siku au wiki kadhaa, wakati watu wamesahau kwamba aliteleza.

Kushindwa si kufa

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kukubali huko kuwe kwa mtu mmoja peke yake. Frazier hakukubali siku ile. Kona yake ilikubali kwa niaba yake, na jina lake halikupungua.

Kwa hiyo mtu akiambiwa amerusha taulo, kwa sababu ameacha kazi iliyokuwa inamuua, au ametoka kwenye nyumba aliyokuwa anapigwa, inafaa kuuliza kwanza kama kona yake ilikuwepo. Huenda alilazimika kupigana na kujirushia mwenyewe, kwa mikono iliyofungwa glavu. Hilo ni gumu kuliko kuendelea.

Kule sebuleni pambano limekwisha. Mshindi ameinuliwa mkono na vijana wameanza kubishana kuhusu pambano lijalo. Bibi bado anatazama kona ya pili, ambako mtu mmoja ameingia ulingoni, amemkalisha bondia kwenye kiti, na anamfuta uso kwa taulo lile lile alilorusha.

“Huyo aliyerusha,” anauliza, “ni nani yake?”